Wateja wa Nyumbani

Muuguzi aliisifu ngazi, na hapo ndipo Mkasi alipoanza kumtilia shaka.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya kusifiwa na nani? Ilikuwa nyembamba, ya saruji, imepinda katikati, na kipandio chake cha tatu kilimegeka zamani, marehemu baba alipokuwa bado anabishana na fundi aliyeijenga. Vyumba vya kulala vilikuwa juu. Jiko na choo vilikuwa chini. Na magoti ya Mama yalikuwa yamekataa katakata habari za kupanda na kushuka. Kisa cha kuuzwa nyumba kilikuwa hicho na si kingine. Sasa huyu mwanamke, mgeni wa nusu saa tu, anasimama chini ya ngazi, anapitisha kiganja ukutani na kusema, "Ngazi nzuri. Watoto wangu wataipenda kweli."

Mkasi alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. Alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Mkasi, lakini si kwa sababu ya kazi yake. Waliomfahamu tangu utotoni walisema ulimi ndio ulioanza kukata, cherehani ilifuata baadaye. Baba yake aliuza mitumba, na watoto wake wawili walikulia kwenye marundo ya nguo, wakisikia somo moja mvua na jua: anayekitaka kitu hukitukana kwanza. Atasema shati limepauka, vifungo havilingani, kola imechakaa, kisha atalinunua. Anayesifu ana lake jambo.

Basi Mkasi akaamua kumjaribu. "Paa linavuja," akasema. Ulikuwa uongo mtupu, paa lilikuwa zima kama yai.

"Tutaliziba," akajibu mume wa muuguzi, mwalimu mpole ambaye muda wote alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Na majirani wana kelele."

"Afadhali," akasema muuguzi akicheka. "Tunakokaa sasa ni kimya mpaka unasikia bomba la jirani."

Mtu unamwambia majirani wana kelele na anacheka? Kuna kitu huyu anakijua.

Mama, ambaye alikuwa ameketi sebuleni na miguu yake juu ya kigoda, hakuona cha kutilia shaka. Muuguzi alipiga magoti mbele yake, akamminya goti polepole kwa vidole viwili, akamuuliza linauma wakati gani zaidi, akamwonyesha namna ya kulinyoosha. Walipoondoka Mama aliwafuata kwa macho hadi getini.

"Hawa ndio," akasema. "Tuwauzie hawa."

Hati ya nyumba ilikuwa na jina la Mama, lakini mambo ya bei alikuwa amewaachia wanawe. Pataneni nyinyi wawili, alisema, mimi nitatia sahihi. Yeye alichotaka kilikuwa kimoja. Upande wa pili wa mji, kwa mdogo wake, nyumba ya jirani ilikuwa inauzwa: vyumba viwili, hakuna ngazi hata moja, mlango ukitazamana na mlango wa Mama Mdogo. Mwenye nyumba alikuwa anahamia kwa mwanawe, naye alikubali kumshikia Mama nyumba hiyo mpaka hii ya kwake iuzwe. Alikubali, lakini hakusema atasubiri milele. Mama na mdogo wake walikuwa wameshapanga kila kitu kwa simu. Watakunywa chai pamoja asubuhi na watagombana jioni, kama zamani walipokuwa wanalala kitanda kimoja. Mama alishaanza kufunga vikombe vyake kwenye magazeti, na siku hizo mgeni akija alikunywa kwa bilauri.

Kitakachobaki baada ya kununua ile ndogo, mtagawana, aliwaambia. Laiti asingesema neno hilo.

Maana soko la nyumba wakati ule lilikuwa halieleweki. Wengine walisema barabara mpya itapita nyuma ya mtaa, na mwenye nyumba leo ni tajiri wa kesho. Wengine walisema barabara hiyo hiyo itapita juu ya mtaa, na mwenye nyumba leo ni mpangaji wa kesho. Benki zilikuwa zimepandisha riba. Waliokopa walikuwa wanauza, na waliotaka kununua hawakopesheki. Mtaa wa pili kulikuwa na nyumba iliyobandikwa kibao cha "Inauzwa" mpaka mmea utambaao ukakifunika. Kila mtu alikuwa na la kusema, na hakuna aliyekuwa na hakika. Kwa mtoto wa muuza mitumba, hali kama hiyo maana yake ni moja tu: mtu fulani anajua, na hasemi.

Na mtu huyo, kwa mawazo ya Mkasi, alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Meneja. Hakuwa meneja wa kitu chochote; alikuwa dereva wa gari la mikate. Lakini alikuwa na tumbo la kimeneja, mwendo wa kimeneja, na tabia ya kusema "tulimalize hili suala" hata anapoulizwa kama atakunywa chai.

"Tuwauzie, dada," alisema siku ile ile. "Bei waliyotaja si mbaya. Tulimalize hili suala."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

"Mwana yupi tena? Wewe una haraka ya nini hasa?"

"Magoti ya Mama, dada. Au huyaoni?"

Mkasi aliyaona. Lakini aliona na mengine. Wiki hiyo hiyo alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, sindano mdomoni, akamwona Meneja ng'ambo ya barabara, kwenye mkahawa, anakunywa chai na dalali waliyempa kazi ya kuiuza nyumba. Walikuwa wanacheka. Dalali alimpiga Meneja begani, mara mbili, kama watu waliokwisha kuelewana. Sasa dalali na mwenye mali wanacheka nini? Kila mtu anajua dalali ana cha juu, kile kidogo anachokiongeza kwenye bei na kukitia mfukoni. Na cha juu kinaweza kugawanywa na mtu wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea Mkasi, na akaing'ata sindano mpaka ikapinda.

Siku chache baadaye muuguzi alikuja dukani kwake. Hakuja na nguo. Alikuja kuulizia mapazia.

"Ya madirisha yale mawili ya sebuleni, dada. Nimeyapenda, yanaingiza mwanga. Ukinishonea utanipunguzia?"

"Bado hujanunua nyumba," akasema Mkasi.

"Najua," akajibu muuguzi, na uso wake ukawa wa msichana. "Naota tu."

Mkasi hakutaka kucheka, lakini alicheka, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na namna yake ya kukufanya usahau ubishi wako. Wakati huo huo gari la mikate likapita taratibu mbele ya duka. Meneja alikuwa kwenye usukani. Hakusimama wala hakupunga mkono. Alipiga honi mara moja, fupi, akaenda zake. Dhamiri hiyo inamsuta, alifikiri Mkasi. Haikumpitia akilini kabisa kwamba Meneja naye ana macho, na kwamba alichokiona ni dada yake na mnunuzi wakichekeana juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Hapo ndipo Mkasi alipomkumbuka mteja wa nyumbani.

Hiyo ilikuwa mbinu ya baba yao. Biashara ikidoda, alimtuma mmoja wa watoto azunguke nyuma ya vibanda, kisha atokee mbele kama mtu asiyemjua. Mtoto alishika koti na kulitajia bei. Mteja wa kweli, akiona koti linagombewa, alilitaka zaidi. Baba akijikuna sikio, unapanda bei. Akikohoa mara mbili, kikavu, unaliacha koti unaondoka zako, na mteja wa kweli anabaki nalo mkononi pamoja na bei yake mpya. Mkasi alikuwa hodari. Meneja, wakati huo akiwa na mashavu kama maandazi, alikuwa hodari zaidi, kwa sababu alijua kulia.

Mkasi hakuona dhambi. Alijiambia ni kipimo tu. Nikimtuma mtu akataja bei kubwa zaidi, nitajua mambo mawili: kama muuguzi ataongeza, basi nyumba ina thamani wanayoificha, na kama Meneja atanificha habari ya mnunuzi mpya, basi nimemkamata.

Akamtafuta Mama Manukato, mteja wake wa miaka mingi, mwanamke mnene anayeuza marashi maofisini, asiyejua aibu wala kusitasita. Mama Manukato alivaa gauni alilokuwa bado hajamaliza kulilipia, akaenda kwa dalali, akataja bei juu ya ile ya muuguzi.

Kabla juma halijaisha, dalali akampigia Mkasi. Alikuwa anahema. "Dada, kumekucha! Yule mama wa marashi amepandisha. Na leo asubuhi amekuja bwana mwingine, wa suti na miwani, amepita hata huyo mama!"

Mkasi alikaa chini. Mnunuzi wa pili? Huyo hakumtuma yeye. Kumbe kweli! Kumbe nyumba inatakiwa, na muuguzi na mapazia yake alikuwa anataka kuwapora mchana kweupe! Akaona fahari ya kutosha kumfanya asamehe kila mtu, isipokuwa Meneja.

Alimtuma tena Mama Manukato. Bwana Miwani akapanda. Mama Manukato akapanda. Muuguzi na mwalimu waliongeza mara moja tu, wakisema wamekopa kazini, kisha wakanyamaza. Dalali aliacha kutembea akaanza kurukaruka. Alieneza habari mtaa mzima, na mtaa mzima ukapagawa: aliyekuwa ameuza nusu nusu alirudisha arbuni ya watu, aliyebandika kibao alikiondoa akaandika kingine, na jirani mmoja aliyekuwa anataka kuuza kwa shida ya ada za watoto akatangaza kwamba sasa hauzi kwa binadamu yeyote mpaka barabara ifike.

Mkasi alipokwenda kwa Mama, alimkuta Meneja amekaa sebuleni, anapuliza chai, ana tabasamu la mtu mwenye siri.

"Umesikia bei?" akauliza Meneja.

"Nimesikia."

"Inapanda."

"Inapanda."

Wakatazamana kwa mapenzi ya paka wawili na samaki mmoja.

"Mdogo wangu amepiga simu," akasema Mama. "Anasema mwenye ile nyumba anauliza tunafika lini."

"Subiri kidogo, Mama," wakasema wote wawili kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kukubaliana.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema Mama. Alinyanyuka aende choo, akashika ukuta, na Mkasi alimwona akiukokota mguu. Alimwona vizuri. Akajiambia, siku chache tu.

Kisha dalali naye akaja dukani, safari hii bila kurukaruka. "Dada, yule mwenye nyumba ndogo amenipigia mimi. Amechoka. Mwanawe anamhitaji. Anataka kuuza kwa yeyote. Ningekuwa wewe, ningemaliza na yule muuguzi na mumewe upesi, Mama apate kwenda kwake."

Mkasi aliendelea kukanyaga cherehani. Hii nayo ni mbinu ya dalali, alifikiri. Anatishia ili tuuze, ili yeye na Meneja wale chao. "Kamtishe mwingine," akamwambia. "Mimi usinishike masikio."

Dalali akavaa kofia yake akaondoka. Alisema maneno hayo hayo kwa Meneja, kama ilivyojulikana baadaye, na Meneja alimjibu kwamba suala hili litamalizwa na wenye nyumba.

Wa mwisho kuja alikuwa muuguzi. Alikuja kutoka kazini, na sare yake bado mwilini, amechoka. Hakukaa. Alisimama karibu na mapazia ya watu wengine yaliyokuwa yametundikwa, akayagusa.

"Dada, nataka kukuuliza kitu, na wewe ni mwanamke mwenzangu, hutanidanganya. Sisi tumefika mwisho wetu. Hatuna pa kukopa tena. Dalali anasema kuna wanunuzi wengine wawili. Mume wangu anasema hizo ni hadithi za madalali, tusubiri. Nimemwambia nitamuuliza yule dada. Wapo kweli?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Mlango ulikuwa wazi na walikuwa wawili tu. Mkasi angeweza kusema mmoja ni wa kwangu, yule mwingine simjui. Angeweza kusema hata nusu ya hayo. Lakini alimtazama yule mwanamke na uchovu wake, na sauti yake ya chini, akawaza: anaigiza vizuri. Angelia tu, angekuwa Meneja mtupu.

"Wapo," akasema. "Wawili."

"Basi heri yenu," akasema muuguzi. "Msalimie Mama. Mwambie asiache kunyoosha goti."

Dalali akaitisha mkutano. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Kilinuka tapentaini, na feni yake ilizunguka pale ilipojisikia. Mama aliletwa na gari la mikate, akakalishwa kwenye kiti kimoja chenye mto. Upande huu aliketi Mama Manukato katika gauni lile lile, upande ule Bwana Miwani, suti yake ikiwa na unga kidogo kwenye mkono. Mkasi aliuona unga. Akaona ni vumbi tu.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Bei ya juu ilikuwa ya Bwana Miwani. Mama Manukato atajitoa kwa heshima, bwana huyu atabaki na bei yake, atatoa arbuni mbele ya watu, na Mama atahamia kwa mdogo wake akiwa na akiba ambayo hakuwahi kuiota. Na Meneja atajifunza kumheshimu dada yake.

"Mabibi na mabwana," akasema dalali, "maneno yametosha. Leo ni arbuni. Mwenye nia ya kweli aiweke mezani. Bwana huyu ndiye yuko juu. Mama, wewe unaongeza?"

Mkasi akakohoa mara mbili, kikavu.

"Mimi naona nimpishe," akasema Mama Manukato, akijipepea. "Riziki ni mafungu saba."

"Haya, bwana. Ni yako! Lete arbuni."

Bwana Miwani akapeleka mkono mfukoni. Kisha, upande wa pili wa chumba, mtu akakohoa. Mara mbili, kikavu.

Bwana Miwani akasimama, akafunga kifungo cha suti. "Mimi pia nimefikiria upya," akasema. "Mke wangu hapendi ngazi."

Dalali, masikini, hakuelewa kitu. Alisukuma jagi la maji mezani. "Poleni na vifua. Ni hii rangi ya jirani."

Mkasi aligeuka polepole. Meneja bado alikuwa na ngumi mdomoni. Macho yake yalikuwa yamemkodolea dada yake, na yalikuwa yanatoka kwenye ukali na kuingia kwenye woga, kama ya mtu aliyeshika waya akidhani ni kamba. Ule unga kwenye suti ulikuwa wa tanuri la mikate. Wiki zote hizo walikuwa wakipandishiana bei wao kwa wao. Hakukuwa na mnunuzi. Hakukuwa na siri ya barabara. Mtaa mzima ulikuwa umeingiwa na wazimu kwa sababu ya muuza marashi na mpika mikate.

"Nilidhani yule muuguzi ni wa kwako," akanong'ona Meneja. "Nilikuona unacheka naye."

"Na wewe ulikuwa unacheka na dalali!"

"Alikuwa ananihadithia habari za mbuzi wake!"

"Hawa," akasema Mama, "ni wa kwenu?"

Hakupaza sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akikunja nguo nyuma ya kile kibanda miaka yote, na kikohozi kile alikijua kabla wao hawajajua kutembea.

"Nawauliza. Ni wa kwenu? Wote wawili?"

Mama Manukato alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, Bwana Miwani akamfuata, na marashi na harufu ya hamira vikabaki vinagombana mlangoni.

Mama akamgeukia dalali. "Yule muuguzi. Mpigie. Mwambie bei yake ya kwanza, namwuzia leo hii."

Dalali alivua kofia. Aliitazama ndani, kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Mama, yule ameshanunua."

"Amenunua wapi?"

"Walitaka kitu cha uwezo wao. Na yule mzee alikuwa amechoka kungoja. Niliwaambia hawa watoto wako, Mama, Mungu shahidi yangu. Nilimwambia dada, nikamwambia kaka. Kila mmoja alinifukuza." Akameza mate. "Ni ile ya vyumba viwili. Inayotazamana na ya mdogo wako."

Mkasi alitamani Mama apige kelele. Alitamani kofi, la mbele ya watu, la kusikika hadi duka la rangi. Mama aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa basi limekwishaondoka. "Ni watu wema," akasema. "Mdogo wangu atapata wa kumwangalia." Kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Walirudi na gari la mikate. Njiani simu ya Mama iliita, na sauti ya Mama Mdogo ikajaa garini, ikiuliza kwa furaha kama hawa majirani wapya ni watu wa Mama waliotangulia kuiandaa nyumba, ikisema kwamba mwanamke wao muuguzi ameshampima presha, na kwamba sasa wamebaki kumngoja yeye tu, anakuja lini? Mama akasema atampigia baadaye.

Walipoingia ndani, Meneja alikimbilia kwenye boksi la vikombe akaanza kuvitoa kwenye magazeti, kimoja kimoja, akivipanga mezani, analia bila sauti. Mara hii hakuwa anaigiza. Mama alisimama chini ya ngazi, ameshika ukuta, anakusanya nguvu za kupanda.

Mkasi hakuweza kuangalia. Pamoja na aibu kulikuwa na kitu kingine, kitu cha zamani na rahisi: alimpenda mama yake, na hakutaka apande ile ngazi tena. Kwake alikuwa na vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka, chini kabisa. Angempa kimoja. Cherehani zingehamia mbele, wateja wangebanana. Hakulipigia hesabu neno hilo. Lilimtoka lenyewe, na huenda ndilo neno pekee alilolisema miezi ile bila kulipima.

"Mama, usipande. Njoo ukae kwangu. Kuanzia leo. Hakuna ngazi."

Mama aligeuka. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa makini, macho yakimpitia usoni taratibu, yakitafuta. Mkasi hakuwahi kutazamwa hivyo na mama yake. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumwazima mgeni mwavuli, na mvua ilipokwisha akamwonea huruma kwa kusahau kuurudisha.

"Unataka nini?" akauliza Mama.

"Sitaki kitu, Mama."

"Hapana, niambie tu. Sikasiriki. Ni hii nyumba? Nikitoka mnataka kuifanya nini?"

Mkasi akafungua mdomo. Aliapa, akataja jina la Mungu, akasema ni kwa ajili ya magoti, ni kwa sababu wewe ni mama yangu. Na kila alichosema, alikisikia mwenyewe kikitoka kama maneno ya mtu anayeuza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mfanyabiashara aliyebisha hodi.

"Haya," akasema. "Nitafikiria."

Akageuka, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.